Maumivu ya ugoko baada ya mbio ndefu: mwongozo kamili wa kuyatambua, kuyatuliza na kurudi kukimbia

Umemaliza mbio ndefu za mwisho wa wiki, pumzi bado ipo, mapaja hayalalamiki, lakini ugoko unauma. Maumivu yako upande wa ndani wa mfupa, kati ya kifundo cha mguu na shavu la mguu. Asubuhi unaposhuka kitandani unachechemea hatua za kwanza, kisha yanapoa, unajiambia yamepita. Ukirudi kukimbia yanakupokea kwenye kilomita ya kwanza, yanalegea katikati, halafu jioni yanarudi na riba.

Wengi wakifika hapo huuliza wapake nini. Dawa ya kuchua haina ubaya, inaliwaza. Ila kuna matatizo manne au matano tofauti yanayouma eneo hilohilo. Moja linataka upunguze mbio tu, jingine ukiendelea kulikimbilia linaweza kuvunja mfupa. Ndiyo maana sehemu ya kutambua imepewa nafasi kubwa hapa. Ukiiruka, mazoezi yanayofuata hayatakufaa sana.

## Kwa nini ugoko ndio unaoumia

Mtu anayekimbia hatua 170 kwa dakika hutua mara 85 kwa kila mguu, yaani mara 5,100 kwa saa moja. Kila anapotua, ardhi huusukuma mguu kwa nguvu ya takriban mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili wake. Mfupa wa ugoko hupinda kidogo mno usione kwa macho, lakini hupinda, na kupinda huko kukirudiwa maelfu ya mara huacha nyufa ndogondogo ndani yake.

Hilo peke yake si ugonjwa. Mfupa hujijenga kwa njia hiyo: seli za aina moja hula sehemu iliyochakaa, na seli za aina nyingine hujaza mfupa mpya mahali pake. Tatizo liko kwenye ratiba. Kula huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Anayeongeza mbio ghafla hufika wiki ya tatu au ya nne akiwa na mashimo ambayo bado hayajajazwa, na hapo mfupa wake unaweza kuwa dhaifu kuliko siku aliyoanza. Wakati huohuo moyo na mapafu vimeshazoea, anajiona mwepesi, anaongeza tena.

Pumzi hutangulia, mfupa hufuata nyuma. Kila utakachosoma hapa chini kinatokana na pengo hilo. Ndilo linalowakamata wanaoanza, wanaorudi baada ya kuugua au likizo ndefu, na wanaojiandaa kwa marathoni yao ya kwanza wakiwa na miezi michache tu mkononi.

Misuli nayo ina sehemu yake. Msuli wa ndani wa shavu la mguu, ule ulio chini ya msuli mkubwa unaouona kwenye kioo, ndio unaopunguza kupinda kwa mfupa unapotua. Ukichoka, mfupa hubeba wenyewe. Hapo ndipo kilomita za mwisho za mbio ndefu zinapoumiza kuliko za mwanzo, hata kama kasi haijabadilika.

## Hatua ya 1: Ondoa kwanza yasiyosubiri

Maumivu mengi ya ugoko si ya dharura. Haya ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo:

- Maumivu makali yanayozidi ingawa umepumzika, mguu umekaza na ni mgumu ukiushika, una ganzi, au huwezi kuinua wayo. Shinikizo limepanda ndani ya mfuko unaofunga misuli na damu haipiti vizuri. Misuli inaweza kuanza kufa ndani ya saa chache. Usiufunge bandeji, usisubiri kesho.
- Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma ukilibonyeza, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukikosa pumzi au kifua kikiuma, usiende kwa miguu, tafuta usafiri.
- Umeshindwa kabisa kukanyagia, au maumivu yalikuja ghafla ukiwa unakimbia kama kitu kimekatika.
- Mkojo umekuwa wa kahawia nzito baada ya mbio na misuli inauma kupita kawaida. Mabaki ya misuli iliyoharibika yanaweza kuumiza figo.
- Ngozi ya ugoko ni nyekundu, wekundu unasambaa, na una homa.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, kaa kitako tuanze uchunguzi.

## Hatua ya 2: Pima kwa kidole gumba

Subiri saa kadhaa baada ya kukimbia. Kaa kitini, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili, misuli ikiwa imelegea. Upande wa ndani wa ugoko sasa unatazama juu. Anzia juu kidogo ya kile kinundu cha mfupa upande wa ndani wa kifundo. Weka kidole gumba kwenye ukingo, pale mfupa unapoishia na nyama kuanza. Bonyeza kwa nguvu ya wastani, achia, panda sentimita moja, bonyeza tena, hivyohivyo hadi karibu na goti. Kila panapouma weka alama ya kalamu. Ukimaliza pita tena juu ya mfupa wenyewe, ule ukingo mkali wa mbele ambao hauna nyama.

Fanya vilevile kwenye mguu usiouma. Ugoko wa watu wengi huuma kidogo ukibonyezwa hata wakiwa hawana tatizo, kwa hiyo unachotafuta ni tofauti kati ya miguu miwili.

Sasa tazama alama zako.

Zimeenea sentimita 5 au zaidi, yaani upana wa vidole vitatu hivi au kupita, kwenye ukingo wa ndani, theluthi mbili za chini za ugoko. Maumivu huja mwanzoni mwa mbio, hupungua ukipata joto, hurudi ukishapoa. Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote kwa wakimbiaji: mfupa na utando unaoufunika vimezidiwa na mzigo kwenye eneo refu. Linasumbua, linachosha moyo, ila linatulia bila upasuaji na bila plasta. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni yake.

Ni nukta moja, unaweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na ukiibonyeza unaruka. Maumivu hayapungui ukipata joto. Yanazidi kadiri unavyokimbia, kila wiki yanaanza mapema zaidi, mwishowe unayahisi ukitembea na hata ukilala usiku. Chukulia kwamba mfupa umepata ufa mpaka ithibitishwe vingine. Acha kukimbia leo na uende kwa daktari. Usijipime kwa kurukaruka. Jua pia kwamba eksirei ya wiki 2 hadi 3 za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi na nukta bado inauma, uliza kuhusu kipimo cha MRI, ambacho huonyesha mfupa uliozidiwa hata kabla ufa haujatokea. Nukta ikiwa kwenye ukingo wa mbele, katikati ya ugoko, hiyo ni mbaya zaidi: damu inayofika hapo ni kidogo, kila hatua inauvuta ufa ufunguke, na unaweza kuvunjika kabisa.

Inauma nyama iliyo mbele, upande wa nje wa mfupa, hasa ukiinua wayo kuelekea kwako. Huo ni msuli unaozuia wayo usipige chini unapotua. Huchoka kwenye miteremko, na kwa wanaorusha mguu mbele sana. Ukiulegezea mazoezi hutulia ndani ya siku chache.

Hakuna panapouma ukibonyeza, lakini kila ukikimbia mguu hujaa na kukaza, karibu dakika ileile kila mara, pengine na ganzi juu ya wayo. Ukisimama, dakika 10 hadi 20 baadaye ni kama hukuwa na kitu. Misuli inavimba ndani ya mfuko usiotanuka. Barafu na kunyoosha viungo havisaidii sana hapa. Anatakiwa daktari wa michezo atakayepima shinikizo ndani ya misuli kabla na baada ya kukimbia.

Mbali na hayo, maumivu ya misuli ya kawaida baada ya mashindano huanza kesho yake, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, huwa miguu yote miwili, na huwa kwenye nyama si kwenye mfupa. Hayo yaache yapite.

Unaweza pia kuwa na mawili kwa pamoja, eneo refu linalouma kidogo na nukta moja ndani yake inayouma sana. Fuata lililo zito.

## Hatua ya 3: Punguza mzigo bila kujifungia ndani

Kuanzia hapa naongea na mwenye maumivu yaliyoenea kwenye ukingo wa ndani. Yape namba kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna kabisa na 10 ni yasiyovumilika.

Yakiwa 2 au chini ya hapo unapokimbia, hayapandi, na asubuhi inayofuata hayapo, unaruhusiwa kuendelea. Kata kilomita za wiki kwa nusu, kimbia siku moja upumzike siku moja, weka kando vilima na kasi. Yakifika 3, au ukaanza kuchechemea, au asubuhi yakawa mabaya kuliko jana, simamisha mbio hadi uweze kutembea kwa haraka dakika 30 bila kuumwa. Kwa wengi hiyo ni wiki 1 hadi 3. Aliyekaa na maumivu miezi 6 akiyapuuza asitarajie wiki mbili.

Pumzi yako haitapotea kwa muda huo ukiilisha. Endesha baiskeli, ogelea, au kimbia ndani ya maji ya kina ukiwa na mkanda wa kuelea kiunoni, miguu isiguse chini. Hilo la mwisho linachosha akili, lakini ndilo linalofanana zaidi na mbio, na unaweza kufanya vipindi vya kasi bila ugoko kujua.

Barafu juu ya kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 hutuliza maumivu, basi. Haijengi mfupa. Kuchua shavu la mguu kunalegeza misuli na hakuna neno. Kuchua mfupa wenyewe ni kujitesa bure. Wapo wanaobingirisha chupa juu ya ukingo wa ugoko wakiuma meno, wakiamini kwamba kikiuma sana ndiyo kinapona. Eneo hilo tayari limechokozwa, na unaongeza uchokozi.

Dawa za kutuliza maumivu nazisema peke yake. Kumeza ibuprofeni kabla ya mbio ndefu ni tabia mbaya kwa sababu mbili: inakuzuia kusikia mfupa unapolalamika, na figo zako, ambazo tayari zinabanwa na jasho na joto, zinabebeshwa kazi nyingine. Mficha maradhi kilio humfichua. Na kama unahitaji kidonge ili ulale kwa sababu ya ugoko, rudi Hatua ya 2, tafuta ile nukta.

## Hatua ya 4: Tafuta kilichobadilika

Chukua karatasi uandike wiki 6 zilizopita: kila siku kilomita ngapi, wapi, kwa kasi gani, kwa viatu gani. Kama unatumia saa au programu ya simu, namba ziko humo. Usitegemee kumbukumbu. Kumbukumbu ya mkimbiaji aliyeumia hupunguza kilomita.

Karibu kila mara kitu kitajitokeza. Umeongeza siku za kukimbia. Umeanza vilima. Umehama kutoka njia ya udongo kwenda lami. Umebadilisha viatu. Umerudi kutoka kwenye malaria au mafua na kuendelea pale ulipoachia. Mara nyingi ni mawili kwa wiki moja.

Ninaloliona kuwa kosa kubwa kwa wanaokimbia mbali ni hili: mbio ndefu moja imebeba wiki nzima. Mtu hukimbia kilomita 4 Jumanne, 4 Alhamisi, kisha 20 Jumapili. Kwa hesabu ya wiki anaonekana mpole, kilomita 28 tu. Kwa ugoko, ni mara tano ya kile ulichozoea siku nyingine, kwa pigo moja, na sehemu kubwa yake ikikimbiwa misuli ikiwa imeshachoka. Gawa: 7, 7, 5 na 9, na ugoko utasikia mzigo tofauti kabisa ingawa jumla ni ileile.

Kuna mengine huwezi kuyabadilisha, au si kwa haraka. Aliyewahi kuumwa ugoko yumo hatarini kuumwa tena, vilevile mwenye wayo unaolala chini sana anapokanyaga, mwenye uzito mkubwa, na wanawake kuliko wanaume. Ukiwa mmojawapo, panda ngazi polepole zaidi.

## Hatua ya 5: Imarisha mguu

Anza siku ambayo kutembea kwa kawaida hakuumi. Mara 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

*Kuinua visigino, magoti yamenyooka.* Simama, shika ukuta, panda kwenye vidole kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Seti 3 za mara 12 hadi 15. Ukiona rahisi fanya kwa mguu mmoja. Lengo ni mara 25 kwa mguu mmoja bila kupumzika na bila kisigino kushuka haraka. Wakimbiaji wazuri wengi hushangaa wanapokwama kwenye 14.

*Kuinua visigino, magoti yamepinda.* Ukipinda goti, ule msuli mkubwa wa nje hulegea na kazi inamwangukia wa ndani, yule tuliyesema ndiye anayeulinda mfupa. Kaa kitini, weka begi lenye uzito juu ya magoti, inua visigino taratibu. Au simama ukiwa umepinda magoti kidogo, mgongo ukutani. Seti 3 hadi 4 za mara 15, na uzito uongezwe kila wiki. Ukiwa na muda wa zoezi moja tu, chagua hili.

*Kuinua vidole.* Egemea ukuta kwa mgongo, visigino viwe umbali wa futi moja kutoka ukutani, inua nyayo zote mbili kuelekea ugokoni, shusha. Mara 15 hadi 20, seti 3. Utahisi moto upande wa mbele, ni kawaida.

*Upinde wa wayo.* Miguu mitupu sakafuni, vuta kifundo cha kidole gumba kuelekea kisigino ili katikati ya wayo painuke, bila kukunja vidole. Shikilia sekunde 5, mara 10. Zoezi la kuudhi mwanzoni kwa sababu vidole vinataka kujikunja.

*Nyonga.* Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 15, seti 3. Baadaye, simama kwa mguu mmoja uchuchumae kidogo mbele ya kioo ukihakikisha goti haliingii ndani.

Maumivu ya ugoko yakiisha kabisa katika shughuli za siku, ongeza kuruka. Kamba inatosha: mara 20, pumzika, mara 20, pumzika, mara 20, basi. Sababu ya uchache huo ni kwamba seli za mfupa huitikia mizigo michache ya mwanzo kisha huacha kuitikia, na hurudisha usikivu wao baada ya saa kadhaa za kupumzika. Kuruka mara 60 asubuhi na 60 jioni kunaujenga mfupa kuliko kuruka 500 kwa mkupuo.

Misuli itaonyesha tofauti baada ya wiki 6 hadi 8. Mfupa unataka miezi, kwa hiyo usiache mazoezi siku maumivu yanapoondoka.

## Hatua ya 6: Rudi kukimbia kwa vipande

Kabla ya kufunga kamba za viatu, upite mitihani minne:

1. Kidole gumba kikipita kwenye ukingo, hakuna panapouma, au pamebaki kidogo sawa na mguu usiouma.
2. Umetembea kwa haraka dakika 30 na kesho yake hakuna kitu.
3. Umeinua kisigino mara 20 kwa mguu mmoja.
4. Umeruka mara 10 kwa mguu huo mmoja bila maumivu.

Ukifeli mmoja, ongeza wiki moja ya Hatua ya 5. Ukifaulu yote, fuata jedwali hili siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kila ngazi ifanye mara mbili bila maumivu kabla ya kupanda. Tembea dakika 5 kabla na 5 baada.

| Ngazi | Kimbia | Tembea | Rudia |
|---|---|---|---|
| 1 | dakika 1 | dakika 2 | mara 8 |
| 2 | dakika 2 | dakika 2 | mara 6 |
| 3 | dakika 4 | dakika 1 | mara 5 |
| 4 | dakika 9 | dakika 1 | mara 3 |
| 5 | dakika 30 mfululizo | – | – |

Ngazi ya 1 itakukera. Utakuwa na pumzi ya kukimbia saa nzima na unaambiwa usimame baada ya dakika moja. Lakini jedwali hili linaupima mfupa, ambao bado uko nyuma ya pumzi.

Maumivu yakifika 3, geuza, rudi nyumbani ukitembea, pumzika siku 2, shuka ngazi moja. Hakuna haja ya kuanza upya.

Ukishazoea dakika 30, utaratibu wa kuongeza ni huu: kwanza muda, halafu siku za kukimbia, halafu kasi, mwisho vilima. Kimoja kwa wakati mmoja. Ile kanuni ya kutozidisha asilimia 10 kwa wiki inafaa kama kumbukumbu tu. Kwa anayekimbia kilomita 10 kwa wiki, asilimia 10 ni kilomita moja, karibu haina maana. Kwa anayekimbia 90 ni kilomita 9, na hizo zinaweza kuwa nyingi mno. Mimi nashikilia zaidi mambo mawili: mbio ndefu isizidi theluthi ya kilomita za wiki, na kila wiki ya nne ipunguzwe kwa robo ili mfupa upate nafasi ya kujaza.

Aliyepata ufa haanzii hapa. Kwa kawaida hukaa wiki 6 hadi 8 bila kukimbia, na zaidi ya hapo kama ufa uko ukingo wa mbele. Anarudi kwenye jedwali daktari wake akisharidhika.

## Hatua ya 7: Rekebisha mwendo na vifaa, kwa kiasi

Hesabu mguu wa kulia unapotua kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Tuseme umepata 39, hizo ni hatua 156 kwa dakika. Ongeza asilimia 5 tu, zifike 164, kasi ikibaki ileile. Hatua zitafupika, wayo utatua karibu zaidi na chini ya mwili badala ya mbele yake, na pigo kwenye ugoko litapungua. Jizoeze kwa vipande vya dakika 2 ndani ya mbio za kawaida. Lile neno kwamba kila mtu lazima afike 180 lipuuze. Mrefu na mfupi hawawezi kuwa na namba moja.

Usijaribu kubadili namna ya kutua, kutoka kisigino kwenda mbele ya wayo, eti kwa sababu ya ugoko. Mzigo hautoweki, unahamia kwenye shavu la mguu, kwenye kano ya kisigino na kwenye mifupa midogo ya wayo. Ukihamisha tatizo bila kupunguza kilomita utakuwa umebadilisha mtaa tu.

Viatu vingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Vipya viingize taratibu, mbio moja fupi kwa wiki ukiendelea na vya zamani. Kigezo kizuri cha kuchagua ni starehe mguuni, kuliko maneno ya muuzaji kuhusu aina ya wayo wako. Soli za ndani zinazoinua upinde huwasaidia baadhi ya wenye wayo bapa. Jaribu zilizo tayari dukani kabla ya kulipia za kutengenezewa. Soksi za kubana zinapendeza mguuni, haziponyi.

Kuhusu njia, udongo ulioshindiliwa ni mzuri. Mchanga laini si mpole kama unavyodhaniwa, unalifanyisha shavu la mguu kazi zaidi. Barabara iliyoinama upande mmoja hubebesha mguu mmoja zaidi, kwa hiyo kama ugoko mmoja tu ndio unaouma, angalia kwanza unakimbilia upande gani wa barabara kila siku.

## Chakula, usingizi na mfupa usiojijenga

Mkimbiaji anayekula pungufu ya anachochoma hawezi kujaza yale mashimo, hata afuate mazoezi yote. Mwili ukikosa nishati hubana matumizi, na mfupa ni kati ya vya kwanza kubaniwa. Kwa mwanamke, hedhi kukoma kwa miezi 3 au kuvurugika si ishara ya kuiva kimazoezi, ni onyo. Kwa mwanamume angalia uchovu usioisha na hamu ya tendo la ndoa kupungua. Hapo daktari anahitajika kuliko fiziotherapia.

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga nyingi za majani huifikisha. Vitamini D ipimwe kabla ya kumeza dozi kubwa. Aliyepata ufa wa mfupa mara ya pili aulize kuhusu kipimo cha uimara (msongamano) wa mifupa.

## Ukienda kwa mtaalamu

Nenda ukiwa umefuata hatua hizi wiki 6 na namba yako ya maumivu haijashuka, au wakati wowote nukta moja ikijitokeza. Nenda na ile karatasi ya wiki 6, viatu unavyokimbilia, na picha ya mguu wako wenye alama za kalamu, kwa sababu siku ya miadi ugoko una tabia ya kutouma. Mweleze maumivu yanaanza kilomita ya ngapi na yanakaa muda gani baada ya kusimama. Akikupima ukiwa umelala kitandani tu, mwombe akutazame pia ukisimama kwa mguu mmoja, ukiruka na ukikimbia.